Matairi Manne ya Tupokigwe

Mama mmoja alikuwa na watoto wanne na kidonda kimoja. Jina lake Tupokigwe, mjane, akiishi juu kabisa mlimani, kule mashamba ya chai yanakoishia. Kidonda kilikuwa kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, na kwa kuwa mama alikuwa na sukari, hakikutaka kupona. Kila Jumatano ilikuwa lazima ashuke hospitali bondeni, kioshwe na kufungwa upya. Muuguzi alimwambia bila kuzunguka: mama, ukikosa wiki moja tutahangaika, ukikosa mbili mguu huu tunaukata. Kilichokuwa hatarini ni hicho, mguu wa mama. Naomba msiusahau, kwa maana katika habari hii kuna watu waliousahau, na mpaka leo nikiwakumbuka nashika kichwa.

Marehemu mume wake alikuwa msimamizi wa shamba la miti, na alipostaafu wakampa gari la kazi lililochoka. Si gari la kufunga milango. Ni lile la mfano wa pikipiki nene, lina usukani wa pikipiki na magurudumu manne ya kibonge, na yote manne yanavuta kwa pamoja. Linapita mahali ambapo punda anagoma. Watu wa pale waliliita gari tu, na sisi tuliite hivyo. Aliyeliendesha ni jirani, Mzee Gidioni Mwambeta, mtu aliyekaribia sitini, fundi wa kila kitu pale kijijini. Alilichomelea kiti cha nyuma chenye mgongo wa chuma, akawa anampakia mama kila Jumatano asubuhi, anamshusha, anamsubiri, anampandisha. Hakudai kitu. Mama akipika ndizi, wanakula wote, basi.

Sasa matairi yakaisha. Meno yote yalilika, yakabaki laini kama kiganja cha mkono. Jumatano moja ya mvua gari likateleza mara tatu kwenye mteremko wa udongo mwekundu, ule ulio kati ya nyumba ya mama na barabara ya kokoto, na walipofika chini Mwambeta alikuwa ameloa jasho kuliko mvua. Akasema hamshushi tena mama wa watu kwa matairi yale. Akawapigia simu watoto wote wanne, mmoja baada ya mwingine. Na sikilizeni vizuri alichowaambia, kwa sababu baadaye walikuja kudai hakusema. Alisema, "Yanatakiwa manne, wanangu. Mbele mapacha, nyuma mapacha, yote ya meno ya tope." Kisha akachuchumaa, akasoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi ya zamani, akamtumia kila mmoja kwa ujumbe wa simu. Kila mmoja. Mwambeta bado anazo hizo jumbe, amenionyesha.

Mkubwa wao ni Nsajigwa, anauza mbao mjini na ana lori. Wa pili ni Anyosisye, karani, msomi wa familia, mtu wa kusoma karatasi mpaka mwisho ndipo aweke sahihi. Wa tatu ni binti pekee, Lugano, mshonaji, duka lake la vitenge linajulikana. Kitinda mimba ni Asajile, ambaye yeye hakwenda popote, analima viazi palepale kijijini na kutoka mlangoni kwake unaona moshi wa jiko la mama. Msije mkadhani ni watoto wabaya. Hapana. Mama huyu hakuwahi kulala njaa. Ningekuwa nasimulia habari za watoto wabaya nisingejisumbua, nyinyi wenyewe mngetikisa vichwa mkaenda nyumbani mmeridhika.

Wakakaa kikao. Na kwenye kikao kile kulikuwa na kidonda kingine, ambacho hakuna muuguzi aliyekuwa anakiosha. Mwaka wa juzi waliezeka nyumba ya mama. Walichanga wote wanne, lakini mabati yalipandishwa na lori la Nsajigwa, na kijiji kizima, kwa kuona lori, kikasema Nsajigwa amemwezekea mama yake. Mpaka kanisani alisimamishwa akapigiwa makofi. Wale watatu walikaa kwenye benchi wakapiga makofi na wao, wakayameza. Sasa kilipokuja kikao cha matairi, Lugano akasema kwa upole kabisa, kwamba safari hii tusichanganye. Matairi ni manne, sisi tuko wanne. Kila mtu alete lake, ajulikane. Loo, walifurahi! Waliona kama Mungu mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu. Kikao kilichotegemewa kuchukua siku nzima kikaisha kabla chai haijapoa, wakaomba, wakaagana kwa kukumbatiana.

Hapa niseme na langu, kabla sijawasema wengine. Hebu geukeni mtazame hayo mabenchi ya kanisa mliyokalia. Nyuma ya kila benchi kuna jina. Benchi hili limetolewa na familia fulani, lile na familia fulani, na ile saa ukutani ina jina refu kuliko mishale yake. Nani aliruhusu? Ni mimi, mchungaji wenu. Nilidhani natia watu moyo. Kwa hiyo siku ya kufunga matairi, Nsajigwa alipochukua rangi nyeupe na brashi akaandika NSAJIGWA ubavuni mwa tairi lake kwa herufi kubwa, na wadogo zake walipoona wakafanya vivyo hivyo, msiniulize walijifunzia wapi.

Haya, yakaja matairi. La Nsajigwa lilitoka mji mkubwa, jipya, bado lina vinyweleo vya kiwandani. Meno yake yalikuwa marefu kama vidole. Lakini lilikuwa kubwa kupita namba aliyotumiwa, kwa sababu muuzaji alimwambia kuna kubwa zaidi, na Nsajigwa ni mtu ambaye ukimwambia kuna kubwa zaidi umemmaliza. Anyosisye alisoma juma zima. Aliuliza, akalinganisha, akapata tairi gumu la ubavu mnene, lisilotobolewa na jiwe wala msumari, wanalotumia kwenye nchi za mawe. Tairi safi sana. Ila mlima wa mama yake hauna mawe, una utelezi, na hilo halikuwa kwenye karatasi alizosoma. Lugano alichagua laini, lenye uso wa kukaribia kunyooka, kwa sababu alifikiria mifupa ya mama inavyotikiswa. Nawaambia ukweli, huyu alichagua kwa upendo, na ndiye anayenitesa kuliko wote. Asajile hakuwa na uwezo wa jipya. Alitafuta tairi kuukuu, akakaa nalo kibarazani siku mbili, akalichonga meno kwa kisu cha moto mpaka malengelenge yakapasuka mikononi, halafu akalipaka kiwi ya viatu ling'ae. Ukilitazama kwa mbali huwezi kujua.

Kila tairi, peke yake, lilikuwa na sifa yake, na mwenyewe angeweza kukueleza kutwa nzima kwa nini ni hilo na si lingine. Hakuna mmoja wao aliyemwuliza mwenzake kaleta lipi. Nimemwuliza Mwambeta swali hili mara nyingi, kwa sababu sikuamini. Watoto wa tumbo moja, simu zote mkononi, hakuna aliyeuliza? Anasema hakuna. Kila mmoja alikuwa anaficha lake ili liwe la kushangaza.

Wakakutana kwa mama siku ya Jumanne mchana. Wote wanne walikuja, hata Nsajigwa alifunga duka la mbao. Jumatano iliyotangulia mama hakushuka, kwa sababu gari halikuwa na matairi, kwa hiyo wiki moja ilikuwa imeshakosekana. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya gunia la viazi, bandeji imeshabadilika rangi. Akawashukuru mmoja mmoja, akawabariki. Mwambeta akafunga matairi. Matundu ya katikati yalilingana, kwa hiyo yote manne yaliingia kwenye rimu bila shida, na kuingia huko ndiko kulikowapa watu imani. Akayajaza upepo. Kisha akarudi nyuma hatua tano, akatazama. Gari lilikuwa limesimama upande, bega moja juu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja.

Mwambeta hakubishana kwa mdomo. Alichukua kamba ya katani, akaizungusha kwenye tairi la kwanza, akafunga fundo pale ilipokutana. Akaenda la pili, akafunga fundo. La tatu. La nne. Akawaonyesha ile kamba, mafundo manne mahali panne, kati ya la kwanza na la mwisho pana zaidi ya shubiri. Akawaeleza kwa utaratibu kwamba magurudumu haya yanavuta pamoja, kila moja linataka kuzunguka sawa na mwenzake, sasa hili likimaliza mzunguko lile bado liko njiani. Kwenye kavu gari litakwenda kombo. Kwenye utelezi hili la meno litashika, lile laini litaachia, na gari litajizungusha lenyewe. Akawaomba, akasema hata tupate mapacha ya mbele tu. Mawili yaende dukani yabadilishwe, mimi mwenyewe nitayapeleka.

Basi pale swali likawa ni mawili yapi. Nsajigwa akatazama tairi la Asajile. Asajile akatazama la dada yake. Lugano akasema la kwake halitoki, amelinunua kwa ajili ya mifupa ya mama. Anyosisye akasema la kwake ndilo pekee lenye karatasi ya ubora, na kweli alikuwa nayo mfukoni. Mwishoni Nsajigwa akamshika yule mzee bega, akamwambia, "Mzee Mwambeta, tunakuheshimu sana. Lakini hili ni jambo la familia. Wewe kazi yako ni kuendesha." Na mzee akakunja ile kamba, akaitia mfukoni.

Mzee Mwambeta ni rafiki yangu, lakini hapa namlaumu usoni pake na yeye anajua. Ulijua, mzee! Ulipima kwa mkono wako! Anajibu kwamba kesho yake ilikuwa Jumatano ya pili. Matairi ya zamani yalikuwa yameshachukuliwa na mtu wa kukata ndala. Mguu wa mama ulikuwa unanuka. Alijaribu mara moja zaidi, asubuhi, akasema basi tumbebe kwa machela. Machela ya kijiji ina vishikio vinne, na pale walikuwepo watu wazima wanne wenye afya, ukimwacha yeye. Ni mwendo wa saa mbili tu mpaka barabarani. Mnajua walimjibu nini? Walisema wamesafiri kutoka mbali kuja kuona matairi yakitembea. Haki ya Mungu, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyeyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake akashtuka.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, si mvua ya kutisha. Mama akapakiwa, amefungwa khanga mbili, amejaa furaha kwamba watoto wake wote wako nyumbani siku moja. Aliwapungia mkono. Watoto wakatangulia mbele kidogo ya mteremko, kila mmoja ameshika simu, wakajipanga pembeni mwa njia, kila mmoja upande ambao tairi lake litaonekana vizuri. Kwenye uwanda wa juu gari lilikwenda likivuta kulia, Mwambeta akilirudisha kwa nguvu za mabega, na bado wale wanapiga picha. Mama akamwuliza, mzee, mbona leo linakataa? Mwambeta akauvuta usukani kushoto tena.

Lilipoanza kushuka halikuchukua hata muda wa kusema Baba Yetu. Mwambeta aligusa breki kidogo tu. Tairi lile la meno marefu likang'ata udongo likasimama, lile gumu likapita kama sabuni, nyuma kukaachia kote. Gari likageuka ubavu kwa mteremko, likainuka upande mmoja, likapinduka. Mwambeta alirushwa kwenye miche ya chai, bega likatoka mahali pake. Gari likaanguka kwenye mfereji wa kuzuia maji, tumbo juu, magurudumu yote manne hewani yakizunguka. Na majina yakizunguka. NSAJIGWA, ANYOSISYE, LUGANO, ASAJILE, rangi nyeupe, safi, unayasoma ukiwa mbali.

Mama alikuwa chini yake.

Sasa naomba mvumilie. Watoto walikimbia, wote wanne, na walikimbia kwa nguvu zote. Lugano aliangusha viatu, akakimbia peku kwenye tope. Ukiwaona kwa mbali ungesema, tazama watoto wanavyompenda mama yao. Nsajigwa alitangulia kufika. Aliruka mfereji, akainama, akashika tairi lake kwa mikono miwili likasimama kuzunguka, akalibonyeza huku, akalibonyeza kule, akapaza sauti, "Langu zima! Jamani, tazameni, langu zima!" Anyosisye akafika, akapitisha kidole ubavuni mwa la kwake, halina hata mkwaruzo, akashusha pumzi ndefu. Nilipokuwa nasimuliwa nikamwambia Mwambeta, simama kwanza, niambie binti alifanya nini, niambie angalau binti. Alinijibu akitazama pembeni. Binti alikuwa anafuta tope kwenye tairi lake kwa ncha ya khanga, apate kuona kama limechanika. Na Asajile, ambaye tangu jana moyo wake ulikuwa umeganda kwa hofu kwamba lile la kuchonga litapasuka na kumuumbua, alilikuta halijapasuka. Akakaa chini kwenye matope akalia kwa kushukuru.

Watu wazima! Waliomnyonya mama yule yule!

Haikuishia hapo. Kwa kuwa yote manne yalikuwa mazima, likazuka swali, basi ni la nani lililoangusha gari? Wakaanza. Wewe lako kubwa mno. Wewe lako ni kuukuu, ulidhani hatujaona kiwi? Wewe lako lina karatasi lakini halishiki. Wewe lako ni la kuchezea watoto. Waliyoyameza tangu siku ya mabati yalitoka yote pale juu ya mfereji, kwa sauti, vidole vikinyooshwa. Mwambeta anasema alikuwa anajaribu kuwaita kutoka kwenye chai, lakini maumivu ya bega yalikuwa yamemkata pumzi, sauti haitoki. Anasema walipoanza kubishana magurudumu matatu yalikuwa bado yanazunguka. Aliyaangalia yakipungua mwendo. Moja likasimama, jingine likasimama. La mwisho likajizungusha polepole, likasita, likasimama na lenyewe, na wale bado.

Ndipo sauti ikatoka chini. Haikuwa ya kupiga kelele. Mama hakuwa na pumzi ya kelele. Ilikuwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza kama chumvi imetosha kwenye mboga, na ilisema:

"Na mimi ni wa nani?"

Vidole vikashuka. Mwambeta anasema hajawahi kuona nyuso za watu zikibadilika namna ile, anasema zilikuwa nyuso za watu walioamshwa wakajikuta wamesimama uchi sokoni. Nsajigwa, mtu mnene wa mbao, alishika ukingo wa mfereji. Lugano alipiga yowe ambalo wachuma chai walilisikia kutoka kilima cha pili. Wakainama wote, sasa kweli wakainama, wakashika chuma kilichokuwa karibu na mkono wa kila mmoja, wakanyanyua. Na gari likanyanyuka. Hili ndilo lililowaua kabisa. Lilinyanyuka mara ya kwanza, kwa urahisi, hata hawakuhema. Uzito wake kwa watu wanne haukuwa kitu.

Mama akatolewa. Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi na aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila hasira, na mimi ningekuwa mmoja wao ningeomba hasira. Ule mguu wa bandeji ndio uliolaliwa na chuma cha kiti. Wakambeba mikononi mpaka barabara ya kokoto, ile safari ya machela waliyoikataa asubuhi, wakakimbia nayo, wakiulizana njia nzima kama anapumua. Wakapata gari la kupita, wakafika hospitali saa sita mchana.

Daktari aliwauliza swali moja kabla hajamwingiza chumba cha upasuaji. Aliuliza, chuma kilimlalia muda gani? Ni swali la kawaida, alitaka kujua damu ilikatika kwa muda gani. Anyosisye alikuwa na saa mkononi, nzuri, ya gharama. Alitazama sakafu. Nsajigwa akatazama sakafu. Daktari akarudia, akidhani hawakusikia. Wakaendelea kutazama sakafu, wote wanne, na daktari akaacha kuuliza akaingia ndani. Mguu ulikatwa alasiri ile ile, juu ya goti. Na muuguzi aliyeifungua ile bandeji ya zamani, yule yule aliyemwosha miezi yote, alitoka nje akalia ukutani. Chini ya tope lile na uchafu wa wiki mbili, kidonda chenyewe kilikuwa kimeanza kufunga. Jumatano zile zote zilikuwa zinafanya kazi. Mguu ulikuwa unapona.

Mama yupo. Nilikwenda kumwona wiki iliyopita. Hajasema neno baya juu ya watoto wake, na wao wanakuja, siku hizi wanakuja kimya na hawajui wakae wapi. Sina ugomvi nao tena. Ugomvi wangu uko hapa, na nyinyi, na mimi mwenyewe niliyesimama mbele yenu. Kwa sababu tuna cha kubeba ambacho si cha mmoja wetu, na tuna mteremko, na kila mmoja ameleta lake akalifunga mahali panapoonekana. Sitawatafsiria zaidi, nyinyi si watoto. Wengi wetu tumeshafika pale kwenye mfereji, wengine wiki hii hii, kwenye ndoa zao, kwenye ukoo, kwenye kanisa hili hili, na tulifika mbio, tukihema, tukisifiwa kwa mbio zetu. Nauliza moja tu, na sitaki mnijibu mimi. Ulipofika, uliinamia nini kwanza?